Salfa ya Mikorosho kwenye Michungwa

Jumamosi, Chiungutwa

Amepuliza tena! Mume wangu amepuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, kwenye majani ya michungwa, na minyoo iko chini, inakula mizizi. Mwenye duka la pembejeo kamwambia inatibu kila kitu. Tangu biashara iwe huria, kila mwenye duka ni bwana shamba.

Nilichimba mzizi nikauosha kwa maji yetu ya kunywa, aone udongo ulivyoung'ang'ania hata baada ya kuoshwa, dalili ya minyoo. Hakutazama hata. "Mama Zuhura, dawa ni dawa."

Nikaenda kupika. Jioni kaja anatabasamu. Eti amenisaidia, amepalilia mchungwa wangu wa uani, ule mmoja uliobaki mzima.

Kwa jembe la kule shambani, likiwa bado na udongo wa minyoo.