Maji ya mama yake Nakaale

Carol, uko? Nakaale wamemtoa kwenye mashindano. Wamemtoa!

Alikuwa anaongoza wanawake wote, kwa mbio za miguu na kwa baiskeli. Na unajua vile ameteseka na mazoezi kwa hiyo barabara ya Kakuma tangu Januari, na baiskeli ya kuazima.

Karibu na mji wa Lodwar akamkuta mama yake amesimama kando ya lami na kibuyu cha maji. Amemngoja hapo juani tangu asubuhi. Nakaale akashuka, akanywa mafunda mawili. Sasa wewe ungempita mama yako?

Refa wa kutoka Nairobi akasimamisha pikipiki: "Umesaidiwa na mtu wa kando. Umetoka." Ati maji ni ya kuchukua kwa meza ya waandalizi peke yake. Na meza yao ilikuwa imekauka! Imekauka, Carol!

Ekiru, kocha wake mzima, ameinamia simu. "Sheria ni sheria."

Mama hajui Kiswahili. Akauliza kwa Kiturkana mbona mtoto amevuliwa namba. Nakaale akamjibu, "Nimechoka tu, mama."

Mama akampapasa mgongo: "Pole. Siku ingine nitakuletea maji mengi."