Tata na Ratiba Yangu

Jumatano, 11 Juni

Nimepata likizo! Wiki moja tu. Niliomba mbili, Bwana Kahigi akacheka kama vile nimemwomba ghala lote la dawa. Mzigo unaingia mwisho wa mwezi, anasema, nani ataupokea? Basi. Wiki ni wiki.

Jioni nimekaa na Mwesiga sebuleni tunapanga safari. Mume wangu akianza kupanga hana breki. Twende Rubondo, tuvuke hadi Mwanza, turudi kwa Geita, tupitie kwa dada yake Kamachumu! Nikamwambia gari letu si ndege. Nimefuta Mwanza. Nimefuta Kamachumu — wifi atanuna, basi anune. Imebaki hivi: Muleba mafuta tu, Biharamulo kulala, asubuhi Chato, boti, kisiwani, nyumbani. Binti yetu Nancy anataka kumwona sokwe wa kweli kabla shule hazijafunguliwa. Nilimwahidi mwaka jana pia.

Na Tata, baba yangu, amekubali kuja! Tangu tumtoe Rubafu baada ya mama kufariki, safari zake ni kanisani na hospitali. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 13 Juni

Tata kaniuliza kama tutapita Muleba. Nikasema ndiyo, tutaweka mafuta. Akasema basi atashuka kidogo amsalimie Mzee Shilogile.

Huyu ni mvuvi, alikuja visiwani kutoka Usukumani akiwa kijana, na Tata alipokuwa mwinjilisti huko ndiye aliyemfundisha kusoma. Wakawa kama ndugu. Siku hizi Shilogile anaishi nchi kavu, chini kule ziwani. Alipooza upande mmoja mwaka jana. Tata hajamwona tangu augue.

Nikamwambia, Tata, ukishuka ziwani hutoki upesi, nakujua. Hakuna nafasi. Wakati wa kurudi, labda.

Akasema, "Sawa, mama." Akaendelea kumenya ndizi. Nilidhani tumeelewana.

Jumapili, 15 Juni

Mabegi tayari. Tata amekaanga kahawa mwenyewe nje, akaitwanga, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka chini kabisa ya begi lake. Hakusema ni ya nani. Mimi sikuuliza. Nilijua. Nikajifanya natafuta chaja.

Jumatatu, 16 Juni — Biharamulo

Sijui nianzie wapi. Mwesiga na Nancy wamelala. Tata yuko chumba cha pili, simsikii hata akikohoa.

Tulichelewa kuondoka. Tata alitaka tuombe kwanza, na sala zake mnazijua — nani anajua? Naandika kana kwamba kuna mtu anasoma. Aliombea gari, tairi, madereva wote wa barabarani, wafanyakazi wa boti. Nilifumbua macho mara tatu nikaangalia simu.

Muleba tukaweka mafuta. Tata akasema anaenda kujisaidia. Tukangoja. Mwesiga akaenda kumwangalia chooni — hayumo. Nikapiga simu yake, ikaita ndani ya gari, kwenye koti lake! Nikazunguka kituo chote. Mzee wa miaka yake, na presha ile. Nikawauliza bodaboda. Mmoja akasema mzee mwenye kofia kapanda pikipiki, kaelekea ziwani.

Pale pale hofu ikageuka hasira. Njia nzima ya kuteremka ziwani nilikuwa naongea peke yangu. Mwesiga akaniambia, "Polepole, Koku." Nikamwambia aendeshe.

Nyumba tukaonyeshwa. Shilogile alikuwa amelazwa kivulini kwenye mkeka, amewekewa mito mgongoni. Amebaki mifupa. Tata wangu amepiga magoti pembeni yake, kofia ameweka chini, anamlisha uji kwa kijiko. Anakipuliza kwanza. Bibi wa nyumba, Rosalina, amesimama mlangoni na kanga mdomoni, analia na kucheka. Baadaye ndiyo nimekumbuka kwamba alikuwa anacheka.

Mimi nikapiga kelele.

Nayaandika yote, nisije nikajidanganya kesho. Nilisema: "Tata! Wewe ni mtoto mdogo? Unatoroka? Unatuharibia safari yote kwa ajili ya uji?" Nilisema pia kwamba boti inatungoja. Nikasema, "Ukitaka kuhangaisha watu si ungebaki nyumbani!"

Na nilisema kwa Kiswahili. Hilo ndilo linanichoma. Na Tata huwa nasema Kihaya siku zote, hata nikiwa na hasira. Ningesema Kihaya, labda majirani, wavuvi waliotoka mbali, wasingeshika kila neno. Lakini nilichagua Kiswahili ili wote wasikie kwamba kosa ni lake. Majirani wakatoka.

Tata akamfuta Shilogile mdomo kwa leso yake. Kisha akasema, "Nisamehe, mama. Nilidhani ni dakika chache."

Rosalina akaniambia, kwa heshima kabisa, "Waache basi wamalize uji, mwanangu." Nikasema hatuna muda. Shilogile akanyanyua mkono ule mzima, akajaribu kusema kitu. Ilitoka sauti tu. Tata akainama, akaweka sikio, akaitikia kwa heshima, kwa Kihaya, "Eeh, waitu. Eeh." Akachukua kofia. Bakuli likabaki limejaa nusu.

Tukaondoka.

Na Biharamulo tulifika saa nane mchana. Saa nane! Boti ni ya kesho. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba ya wageni mpaka jua likazama, hatuna la kufanya. Mwesiga alitazama mpira kwenye simu. Nancy alihesabu mbuzi. Tata alikaa ameweka mikono magotini kama mtu aliye foleni hospitali. Muda ulikuwepo. Ulikuwepo mwingi mpaka ukatuchosha.

Jumanne, 17 Juni — Rubondo

Tumefika. Pazuri, sitaki kuandika juu ya uzuri. Kiboko karibu na boti, Nancy akapiga yowe.

Kwenye mwalo, kabla ya kupanda boti, Tata alinijia akaniuliza kama kuna nafasi ya kujisaidia. Mbele ya nahodha. "Kama ratiba inaruhusu, mama." Nilidhani ananipiga dongo. Nikamtazama usoni. Wala! Alikuwa anauliza kweli.

Jumatano, 18 Juni — Rubondo

Sokwe hatukuwaona, walikuwa mbali ndani ya msitu. Tumeona twiga, tembo kwa nyuma tu, na ndege wengi hadi shingo zikauma. Nancy hakununa. Amekua.

Tata anaomba ruhusa kwa kila kitu. Anywe chai sasa au baadaye? Akae kiti hiki au kile? Mwongoza wageni alipotuambia tushuke tutembee kidogo, Tata alinigeukia mimi kwanza. Nikasema, Tata, fanya unavyotaka! Lakini ilitoka kwa ukali. Sauti yangu imekuwaje? Akarudi kukaa kwenye gari.

Mchana Nancy alinifuata nikiwa naanika taulo. Akasema, "Mama, Babu akibanwa anaogopa kukuambia. Jana usiku ameniambia mimi nimsindikize." Ana miaka kumi. Akaniuliza kama Babu alifanya kosa kubwa sana.

Nikamwambia hapana. Akaniuliza, sasa mbona hujamwambia?

Nilienda hadi alipokaa. Alikuwa anasoma Zaburi, miwani imeteleza puani. Nilitaka kupiga magoti kama tulivyofundishwa utotoni, nimwombe radhi. Nikafika. Nikasema, "Tata, utakula samaki au kuku?" Akasema chochote ambacho ni rahisi kwangu.

Mjinga mimi. Samaki au kuku!

Alhamisi, 19 Juni — nyumbani

Njiani kurudi nilikuwa nimejiandaa. Tangu Biharamulo nilikuwa nayapanga maneno. Tulipokaribia Muleba nikamwambia Mwesiga apunguze mwendo. Nikageuka nyuma, nikasema, kwa Kihaya sasa, kwamba tunateremka kwa Mzee Shilogile, tutakaa mpaka jioni, hata kulala kama anataka.

Tata akatabasamu. Tabasamu lile la kumpa mgeni. Akasema, "Hapana, mama, utachelewa. Umechoka."

Nikasema sijachoka. Mwesiga akaegesha gari pembeni kabisa, akazima. Akasema, "Mzee, muda upo, twende." Tata akatazama nje ya dirisha, upande wa ziwani. Kisha akasema bila hasira yoyote, "Si vizuri kumpelekea mgonjwa watu wenye haraka. Atadhani ameleta ugomvi tena. Nitamwandikia."

Kumwandikia! Shilogile hata uji siku hizi analishwa.

Hatukuteremka. Mwesiga aliwasha gari. Nilitazama mbele njia yote ili Nancy asinione uso.

Usiku huu huu, wakati natoa nguo kwenye mabegi, nimeikuta ile kahawa. Bado imefungwa. Hakuwahi hata kuitoa. Nilifika kabla hajafungua begi — begi lenyewe lilibaki garini! Alienda mikono mitupu ili tusimshtukie.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia simu Rosalina. Namba nimeitoa kwenye simu ya Tata alipokuwa bafuni, kama mwizi. Nikajitambulisha. Nikasema mimi ni binti wa mwinjilisti, yule wa Jumatatu. Nikaomba msamaha, nikaongea haraka haraka, nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema mzee wake hajambo, ila tangu siku ile uji anakataa, anageuza uso. Labda ni ugonjwa tu, akasema. Usijilaumu sana, mwanangu.

Alisema "sana."

Jioni baada ya chakula Tata alituita mimi na Mwesiga. Alikuwa amevaa koti. Akatushukuru kwa safari — akaitaja sehemu moja moja, Biharamulo, boti, tembo — kama mtu anayesoma risala. Kisha akasema angependa kurudi kukaa Rubafu. Nyumba ipo, shemeji yake Ma Verdiana yuko jirani, migomba inahitaji mtu. Mjini hapa Rwamishenye ametutwisha mzigo wa kutosha.

Nikasema, Tata, nani amekuita mzigo?

Mwesiga akanitazama. Nikakumbuka. *Kuhangaisha watu*, nilisema. Si sawasawa na mzigo? Ni sawasawa.

Tata akasema, "Mkipata nafasi tu. Hata wiki ijayo. Msivuruge ratiba."

Chumbani Mwesiga kaniambia tumpeleke. Anasema ukimng'ang'ania sasa atakaa, lakini atakaa kama mfungwa. Nikamuuliza, wewe uliona nimekosa tangu pale pale, mbona hukusema? Akasema, "Nilisema. Nilisema polepole, Koku."

Jumamosi, 21 Juni — Rubafu, ndani ya gari

Nimemleta mwenyewe, sisi wawili tu. Mwesiga alisema ni bora hivyo. Nilidhani njiani nitapata maneno. Vumbi tupu. Aliniambia kahawa ya mwaka huu imezaa vizuri, nikasema kweli. Nikamwambia, Tata, nilikukosea. Nilisema hivyo hivyo, kwenye kona, mikono kwenye usukani. Akasema, "Yaliisha, mama. Angalia barabara." Sauti ya upole. Upole ule ule wa kisiwani.

Nyumba imefunguliwa, ukuta wa nyuma una ufa. Tumeshusha godoro, ndoo, sanduku lake la vitabu. Ma Verdiana alikuja akipiga vigelegele, na majirani, na watoto. Nilikaribishwa ndani. Nikasema nachukua dawa zake za presha garini, narudi.

Dawa ziko mapajani pangu. Sijarudi. Naandika.

Kupitia dirisha la gari namwona. Amekaa kwenye benchi la zamani katikati ya watu. Anacheka — meno yote nje! Anasimulia tembo, naona anavyonyoosha mkono kuonyesha mkonga. Mwezi mzima kwangu sijamwona hivyo. Miaka.

Sasa hivi Ma Verdiana amekuja dirishani. Ana kifurushi cha jani la mgomba, kinatoa moshi. Ndizi na maharage, na kipande cha samaki. Akasema, "Chukua, mama, utakula njiani. Baba yako ametuambia una haraka sana, tusikuandalie sahani. Tusikucheleweshe."

Nikasema sina haraka. Akacheka, akanipiga begani, akasema aa, watu wa mjini! Akarudi ndani.

Tata amesimama mlangoni. Ananipungia mkono. Ananiaga. Nyuma yake naona wanatandika mkeka, wanaweka sahani, na mtu ananawisha mikono.

Kifurushi ni cha moto, kinanichoma kupitia sketi. Dawa ni lazima nimpelekee. Nafungua mlango. Bado anapunga mkono.