Teke Lisilowahiwa na Jicho

Mweso, Jumapili

Papa mpenzi,

Nakusalimu sana wewe na Mama, na wote wa nyumbani Buleusa. Goti limepoa, au baridi bado inakuamsha? Mimi ni mzima, nakula, nalala vizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua umesikia mengine.

Umesikia kwamba napigana. Ni kweli, lakini ni mchezo wa video, kwa manette ya vibonyezo mkononi, katika salle ya michezo nyuma ya soko, na wanaoanguka huko huinuka tena kwenye televisheni. Tangu Pasaka hakuna aliyenishinda. Hata Magloire, fundi wa simu aliyekuwa bingwa kabla yangu, nimemlaza mpaka ameacha kunisalimia.

Magloire ana teke moja la upesi mno. Alieleza mbele ya watu wote kwamba linafika kabla jicho halijaambia kidole kitu, kwamba hakuna muntu mwenye damu anayeweza kuliona na kulizuia. Mimi nalizuia. Basi akasema huyu dada iko na dawa. Akatoa simu yenye mchezo wa kupima upesi: kioo kikigeuka kijani, unagusa. Tuligusa wote. Nikawa wa mwisho, nyuma hata ya mama anayeuza mandazi mlangoni! Nilidhani nimepona. Kumbe nimejimaliza: wakasema mkono mzito namna ile hauwezi kushinda pasipo kusaidiwa.

Na hapo, Papa, ndipo ulimi wako ulipoingia. Nani aliwaambia wasafiri wa Kashebere kwamba binti yake anashinda kwa chale za wawindaji, zile ulizonichanja mkononi utotoni kwa kuwa hukuwa na mvulana? Ulijivuna vizuri sana, na habari ikapanda mpaka hapa. Pasta akaniita pamoja na Damien, mchumba wangu. Alisema hatabariki ndoa yetu mpaka nisimame kanisani, nionyeshe mkono, nikane chale, na niseme baba yangu ni mchawi. Damien alinishauri niseme tu, ni maneno, yatapita. Nilimjibu kwamba kama ni maneno tu, amtukane baba yake kwanza, nisikie.

Sasa nikuambie jambo, na usikasirike. Chale zako hazifanyi kitu. Teke la Magloire silioni kamwe. Namtazama yeye mwenyewe, kando yangu kwenye benchi. Kabla ya kulipiga anauma mdomo wa chini, kila mara, na mimi nimekwisha kujikinga kabla teke halijaanza. Ni hivyo tu.

Ningelisema hilo kanisani, wangecheka na kuniacha. Sikulisema, maana walichotaka ni nikukane wewe. Leo nilisimama, nikakunja mkono wa blauzi, nikasema mkono huu ulishikwa na baba yangu akinitakia mema, na sitauombea msamaha kwa mtu. Nikarudi kukaa. Damien alitoka nje, na mpaka sasa hajapita kwangu. Nimelia, sikufichi. Lakini asiyeutaka mkono huu na chale zake, asiuvishe pete.

Mwambie Mama kile kitenge cha harusi akishone, akivae sokoni. Wasalimu majirani wote, na wewe mwenyewe, tafadhali, jivune kwa sauti ndogo.

Binti yako,
Noëlla