"S" Moja Ndani ya Mvua ya Bambu

Yaya wangu,

Leo nimesikiliza tena ile audio uliyonitumia kutoka Bambu, na nimeona afadhali nikuandikie. Najua barua hii haitafika popote. Ila kichwa kimechoka kubeba jambo hili peke yake.

Weye, dada yangu mukubwa, ndiye ulinifundisha kuimba, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba pale Mbunya, ukinipiga na mwiko kila nilipokosa. Ulikuwa unasema niko na masikio ya mbuzi. Halafu mbuzi huyo akawa fundi wa sauti wa kwaya, akikaa nyuma ya kanisa na vifaa vyake, akijiona mukubwa.

Pasaka ile kifua kilikuwa kimeanza kukusumbua. Kila wimbo ulipopanda, sauti yako ilikatika. Na miye, mudogo wako, nikafunga mikro yako katikati ya wimbo. Uligeuka ukanitazama, kisha ukaendelea kuimba bila kusikika. Kanisa zima lilielewa. Nilijitetea eti ibada haiwezi kuharibika juu ya mutu mumoja. Aibu gani hiyo, Yaya. Wiki iliyofuata ukaenda kwa shangazi, Bambu, bila kuniaga.

Kisha ikafika audio yako. Mvua ilikuwa inapiga manjanja, yale mabati ya nyumba ya shangazi, sikusikia kitu isipokuwa jina langu na kikohozi. Nikaiingiza katika ordinatere, kompyuta ya studio yangu, ile ninayosafishia kaseti za zamani. Wakati ule nilijua njia moja tu: unaionyesha programu kipande cha mvua tupu, unaiambia itoe kitu hicho kila mahali, kwa nguvu yote. Mvua ikaisha. Ukabaki weye, kama unasemea ndani ya bido tupu la maji:

"Iko na hasira na weye. Unipigie."

Siye watu wa huku tunasema "iko" kwa kila kitu na kwa kila mutu, hata mutu akijisemea mwenyewe, kwa hiyo sikutafuta mbali. Nilichukia. Nikasema, kama uko na hasira, kaa nayo, nitapiga ikipoa. Wiki mbili hazikuisha, shangazi ndiye akapiga, kusema umetuacha.

Pa matanga Mama aliniuliza kama tulipatana. Nikamuambia ulikufa na hasira yako. Kwamba uliomba nikupigie, hiyo nilinyamaza nayo. Tangu siku ile, kila Jumapili Mama anaomba kwa sauti, Mungu akusamehe hasira hiyo. Miaka mitatu nimekaa benchi moja naye nikisikia.

Mwezi huu ndipo nimejifunza programu ile vizuri. Kumbe haifai kutoa kelele zote sawasawa. Sauti nene za chini unazipa kipimo chao, za katikati chao, na zile nyembamba kabisa za juu chao. Mvua ya manjanja inajaa sana kule juu, na "s" ya mutu inakaa kule kule. Ukikaza sana juu, unafuta mvua pamoja na kila "s". Nilipoelewa hivyo, nikakumbuka mvua yako. Nikachukua audio yako jinsi ilivyofika, nikakaza chini, nikalegeza juu, kidogo kidogo. Mvua ikarudi nusu. Na weye ukarudi:

"Siko na hasira na weye. Unipigie."

Nikarudia kusikiliza ile niliyosafisha zamani. Hata "hasira" haikuwa na "s" yake, Yaya. Ilikuwa "haira" tu. "S" ya hasira niliijaza mwenyewe kichwani, haraka, bila kuulizwa. Ya "siko" sikuijaza. Nililia pale pale studio, na mutu aliyeniletea kaseti zake akingoja mulangoni.

Leo muchana nimeenda kwa Mama. Nikamueleza yote, mikro, mvua, ujinga wangu, kisha nikamuwekea telefone kwenye sikio. Akaomba nirudie. Mara ya pili alisikiliza macho yamefungwa. Nilingoja anigombeze juu ya maombi yake ya miaka mitatu. Hakuyataja. Aliniuliza kitu kimoja tu:

"Na weye, ulimupigia?"

Nikasema hapana. Na mayunite ya kupiga simu nilikuwa nayo, Yaya. Nilikuwa nayo.

Pumzika sasa,

mudogo wako.