Wa Tatu Kutoka Kushoto

Karachi, 4 Novemba 2018

Kwako Bibi Gulandama,

Usichoke, Bibi. Salaam nyingi kutoka kwa mjukuu wako Zarif. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la matairi. Jicho lako lile zima linasemaje? Na shangazi Palwasha, bado anagombana na mbuzi wa jirani?

Sasa, Bibi, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Umekaa? Haya.

Unajua ninavyonunua postikadi za zamani kwenye simu, za malori na stesheni za reli, na unavyonicheka kwamba nanunua barua za watu wasionijua. Juzi niliandika jina la ile ngome ya kwetu kwenye soko la mtandaoni. Ikatokea kadi moja ya mwaka 1937. Watu watatu wananing'inia kwenye boriti langoni, na chini yao askari wa Kiingereza wamesimama wakicheka kama watu walioua swala. Mtu ameandika kwa wino mweupe: "Mavuno ya wiki." Wa tatu kutoka kushoto amevaa kizibao cha vioo. Vioo vimepangwa juu ya moyo, vilevile ulivyonisimulia.

Uso wake sikuuona. Muuzaji, mtu wa Lahore, ameandika jina la duka lake katikati ya picha kwa herufi nene ili wenzake wasimwibie, na herufi moja imemkaa baba yako usoni. Nimeshalipa. Ikifika nakutumia, umwone.

Mjukuu wako,
Zarif


Bannu, 22 Novemba 2018

Zarif mjukuu wangu,

Usiwe mnyonge, mwanangu. Huku wazima. Yule mbuzi kapigwa jiwe na shangazi yako, sasa anachechemea, na jirani hatusalimii. Jicho langu la kushoto limekufa kabisa. La kulia nalo daktari anasema linakwenda, ni presha ya macho, dawa inalichelewesha tu. Masikio unayajua, tangu lile bomu lililolipuka karibu nami ni mlango uliopigwa misumari, ndiyo maana nakuandikia na simu zenu sizitaki.

Kile kizibao mama alikishona mimi nikiwa tumboni. Waingereza walimnyonga baba nacho, kisha wakammwagia mafuta ya taa wakamchoma, na jivu wakalitupa mtoni tusipate kaburi la kukusanyikia. Maishani mwake hakupigwa picha ila hiyo. Nimewauliza wazee umri wangu wote, baba alikuwaje? Mmoja ananiambia pua ndefu, mwingine ananiambia pua bapa. Wamekufa wote, waongo wakubwa wale.

Leo kuna mwanaharamu Lahore anamuuza baba yangu kama kitunguu! Ikifika itume upesi. Nataka kumwona kabla jicho halijazimika, hata kama shingo imevunjika. Na huyo muuzaji akikuletea ujanja mvunje meno. Msamaha kwa Mungu nitakuombea mimi.

Bibi yako,
Gulandama


Karachi, 15 Januari 2019

Kwako Bibi,

Usichoke. Natumai baridi ya Bannu haijakushika miguu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inawaka.

Kadi ya Lahore ilikuja. Fotokopi, Bibi! Karatasi mpya imekatwa kwa mkasi, inanuka wino, na jina la duka bado liko palepale usoni. Nilipomlalamikia akajibu, "Kaka, hukusoma vizuri, mimi nauza kumbukumbu." Kisha akanifungia nisimwandikie tena. Wateja wake wamempa nyota tano. Natamani nimgongelee nyota hizo kichwani kwa nyundo, moja moja.

Nikapata nyingine ya picha ileile Multan. Hii ya kweli, nene, kingo zimepauka, nyuma ina mhuri wa posta. Lakini muuzaji wake, ng'ombe yule, kabandika stika ya bei kwenye picha. Si nyuma, Bibi, kwenye picha! Ndivyo walivyo hawa. Huyu anabandika mbele, yule anaandika nyuma kwa kalamu ya wino, mwingine anaipitisha kwenye plastiki ya moto eti anaihifadhi, mwingine anakata stempu akaiuze peke yake. Na stika ilikaa wapi? Juu ya uso wa mtu wa tatu. Niliishika juu ya mvuke wa birika, nikavuta taratibu kwa ukucha, pumzi nimeibana. Ikatoka, na uso ukatoka nayo. Pamebaki weupe mtupu.

Latif wa hapa gereji akacheka, "Sasa babu yako amekuwa jini!" Nilimpiga kwa mpini wa jeki, pua ikapasuka. Damu ilimwagika mpaka kwenye chai yangu na wala sikujuta. Nakutumia hiyo kadi, angalau ukione kizibao.

Mjukuu wako,
Zarif


Bannu, 9 Februari 2019

Zarif,

Usiwe mnyonge. Wazima sisi, tukiacha hasira.

Nimempokea baba asiye na uso. Palwasha alilia. Mimi sikulia, nilivunja birika. Halafu nikaileta kadi karibu na jicho nikaitazama miguu yake. Miguu mikubwa, kidole gumba kimejitenga na wenzake, kama changu. Mpaka leo huo ndio urithi wangu wote, kidole cha mguu.

Na wewe unawaandikia ujumbe! "Kaka, tafadhali, kaka." Marehemu babu yako aliibiwa punda. Hakuandika barua. Alikwenda, na jioni akarudi na punda pamoja na sikio la mwizi. Karachi imekulainisha mpaka umekuwa uji, kila mwenye kijiko anakuchota. Watu wanamnyonga baba yangu mara ya pili na ya tatu, nawe uko hapo unasubiri kurudishiwa pesa.

Jicho linaona kama kupitia kitambaa sasa. Fanya haraka.

Bibi yako,
Gulandama


Karachi, 17 Machi 2019

Kwako Bibi,

Usichoke. Nauliza jicho kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima.

Ipo ya tatu, na muuzaji yuko hapahapa Karachi, mtaa wa Nazimabad. Anaitwa Tauqir. Anauza sarafu, stempu na kadi kutoka chumbani kwa mama yake. Hii uso upo, Bibi! Ila picha aliyoiweka ni ndogo kama ukucha, ukiikuza inavunjika vipande, huoni jicho wala pua. Niliingia mnadani nikashinda. Kwa furaha nikamweleza kila kitu, kwamba huyu wa tatu ni baba wa bibi yangu, bibi hajawahi kumwona na macho yanakwisha, basi aifunge vizuri aweke kadibodi pande zote mbili. Akajibu, "Mungu amrehemu." Nikamwona muungwana.

Kesho yake akafuta mauzo, eti kadi imeloa maji. Jioni hiyohiyo imerudi sokoni kwa bei mara kumi, na chini yake kaandika: "Adimu sana. Aliyenyongwa wa tatu ametambuliwa na familia yake, ushahidi upo." Ushahidi wenyewe ni maneno yangu! Machozi yako kayageuza bei, na wanunuzi wa Ulaya wanagombania.

Nimemwandikia kwa jina la uongo kwamba nataka kununua mkononi, akanipa anwani. Kesho nakwenda na spana ya magurudumu. Akinipa kadi, simgusi.

Mjukuu wako,
Zarif


Bannu, 20 Aprili 2019

Zarif,

Salaam. Leo sikuulizi afya.

Nimekuandikia mara mbili, kimya. Palwasha anaongea na simu akinipa mgongo nisisome midomo yake. Mimi hata mgongo wa mtu nausoma. Umefanya nini? Kama umeumia, sema. Kama kadi unayo na unaogopa kuituma, itupe, sitaki. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe nijue kwamba bado unao.

Bibi


Gerezani, Karachi, 12 Mei 2019

Kwako Bibi,

Usichoke. Mimi mzima, meno mawili tu polisi wameyachukua. Nisamehe mwandiko, vidole vimevimba.

Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu. Tauqir akafungua mlango, kijana mwembamba, miwani, soksi miguuni. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Nikamwambia mimi ni nani. Akasema, "Kaka, biashara ni biashara. Kuna mtu ameshafika bei. Kama ni babu yako, fika bei na wewe." Nikamwambia nionyeshe tu. Akasema, "Kuangalia nako kuna bei yake," akacheka. Kilikuwa kicheko cha woga, Bibi, nimekijua baadaye. Nilimpiga spana mara moja, juu ya sikio. Akaanguka kwa mgongo kwenye ngazi, akashuka nazo kichwa kikigonga, mpaka chini.

Mama yake alitoka, mikono imejaa unga. Hakupiga kelele. Alishuka, akaketi, akakipakata kichwa cha mwanawe, na unga ukawa mwekundu. Kadi ilikuwa bado mfukoni, nusu imetokeza. Ningeweza kuichukua. Sikuweza kuinama.

Alikufa hospitalini bila kufumbua macho. Alikuwa mtoto wa pekee, hana baba, hana mke. Wakili anasema hukumu yangu ni kamba, isipokuwa mama yake asimame mbele ya hakimu aseme amesamehe. Yeye peke yake ndiye mwenye damu hiyo.

Usije, Bibi. Usimpigie mtu magoti kwa ajili yangu. Lakini naogopa. Usiku na mchana naishika shingo yangu. Naogopa sana.

Zarif wako


Bannu, 3 Agosti 2019

Zarif mwanangu,

Usiwe mnyonge. Jicho bado lina mwanga kidogo, mtu akikaa karibu namwona. Palwasha mzima. Mimi mzima, mgongo tu umekufa kwa safari, maana Karachi nimekuja. Usinifokee, nimesharudi.

Nilikwenda na shangazi yako kwa mama wa Tauqir, tukichukua kondoo wa kuombea radhi. Tulimpandisha kondoo ghorofa tatu, akinya kila ngazi, na mimi nikizitazama ngazi zile. Mlangoni nikavua ushungi nikauweka miguuni pake, kichwa wazi, kama afanyavyo mwanamke wa kwetu akiingia nyumba aliyoidhulumu damu. Yeye mambo hayo hayajui. Alidhani umenidondoka. Akauokota, akaukung'uta, akanifunika nao kichwa. Zarif, hapo ndipo nililia.

Anaitwa Sabiha. Alisema nami kwa lugha nyingine, midomo nisiyojua kuisoma, Palwasha akaniandikia nyuma ya pakiti ya dawa. Aliiweka kadi mezani kifudifudi, ina doa la damu, akasema hivi:

"Mwanangu nilimzika kichwa kimefungwa bandeji, uso sikuuona. Wewe mama, ukitaka, igeuze umtazame baba yako, uondoke naye. Ni wako, Tauqir hakufanya vizuri. Lakini kwa hakimu siendi. Au uichome hapa hujaigeuza, na Jumatatu naenda kusema nimesamehe. Siwezi kubaki na kiu hii peke yangu."

Sitakudanganya. Mkono wangu ulikwenda wenyewe ukaishika ile kadi pembeni. Palwasha alipiga yowe, nikaliona mdomoni mwake. Ni kugeuza tu, mwanangu, kama mtu anavyogeuza mkate. Nilikuchukia pale. Nilikuchukia kuliko wale Waingereza. Kisha nikakumbuka kinywa kilichosema mvunje meno ni cha nani, nikasimama.

Nikaipeleka jikoni mwenyewe, kifudifudi vilevile, nikaiweka juu ya moto wa gesi. Kadi za zamani haziungui upesi. Zinajikunja kwanza. Ilianza kujipindua kunielekea, nikaona ukingo mweupe wa picha, nikafumba jicho. Nilisimama hivyo, moto unanichoma vidole, mpaka Palwasha akanigusa bega. Wale walimchoma baba mara ya kwanza. Mara ya pili nimemchoma mimi.

Sabiha alinipa chai, akanipaka mafuta vidoleni. Kondoo hakumtaka. Jumatatu alikwenda kwa hakimu kama alivyosema, akaweka sahihi, na Palwasha alikuwepo akaona. Wakili anasema zimebaki karatasi tu.

Ukitoka pita kwanza kwa Sabiha. Usimwombe kitu, mfagilie ngazi zile uondoke. Gereji usiende, na kwenye simu usinunue kitu chochote. Panda basi. Daktari anasema baridi ikiingia jicho litakuwa limezimika. Basi fika mchana, uje ukae karibu, mwanga uwe upande wako, nikutazame usoni mpaka nitosheke.

Bibi yako,
Gulandama