Mama Alitoa Ushanga Mweupe

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ungenigombeza nikianza bila salamu.

Naandika kutoka zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, njia ya Usinge, nilikohamishiwa uuguzi baada ya kukuzika. Tumeletewa dawa mpya ya kupaka vidonda. Mganga wetu alitaka waanze wazee, kwa heshima, na vijana wabaki na dawa ya zamani. Nikamkatalia. Wewe mtakwimu uliyezunguka hospitali ukibishana na madaktari, ningekaaje kimya? Nikamwambia vijana watapona upesi kwa ujana wao tu, na dawa nzuri itasingiziwa ubaya.

Mwenyekiti wa kijiji akaja juu, eti hawezi kuchanganywa na watoto. Nikamjibu kwa maneno yako: "Kiti tutakupa. Dawa utapewa na kura." Lo, nilijiona mkubwa!

Tukatia shanga kwenye kopo, nyekundu kwa dawa mpya, nyeupe kwa ya zamani. Kila aliyekubali alitumbukiza mkono bila kutazama. Mama naye alikuwepo, maana kile kidonda chake cha mguu unakijua. Akatoa nyeupe.

Baba, nilikukasirikia. Watu walisema mjane wako arudie. Hata mganga aligeukia dirishani ili nibadilishe. Mama alinitazama kwa lile jicho lake, akachukua dawa ya zamani, akaenda zake. Nililia njia nzima.

Wengi waliopata nyekundu walipona mapema, wazee kwa vijana, huku wenzao wa nyeupe wakisuasua. Mama akawa bado anachechemea. Nilipomwomba radhi alinicheka: "We mtoto, bila mguu wangu mngejuaje kwamba hii ni dawa?"

Siku hiyohiyo nikampaka ile mpya. Sasa zahanati zote za jirani zinaipata, na zimeagizwa kupima dawa kwa kura kama sisi. Mwenyekiti anajisifu kwamba wazo lilikuwa lake. Mwache tu, mradi watu wanapona.

Nakuahidi, Baba, dawa nyingine ikija nitapiga kura tena, hata akiwa mwanangu kwenye foleni. Nitaogopa, lakini nitapiga.

Mola akulaze pema. Ijumaa Mama anakuja Tabora kukusomea dua. Nilitaka kumtafutia baiskeli ya kumpeleka kutoka stesheni hadi makaburini, amekataa. Anasema atatembea.

Mwanao,
Zuhura