Nilifuta Kanda ya Bwana Kisu, Shemeji Akabeba Lawama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia ni la kanda ya video tu, lakini kanda hiyo imewatenganisha ndugu wawili wa tumbo moja kwa miaka kumi na saba, na anayejua ilikokwenda ni mimi peke yangu, au ndivyo ninavyojidanganya.

Mimi ni mshona mapazia, mume wangu ni fundi wa friji aliyestaafu mwaka jana, na mdogo wake, huyu shemeji yangu, ni mpima ardhi, mtu mkimya asiyetupa kitu, hata msumari uliopinda anauweka kwenye kopo. Zamani hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Kila Jumamosi saa kumi jioni walikuwa kwenye kochi letu wakiangalia kipindi cha jamaa mmoja mwenye ndevu aliyeachwa peke yake porini na kisu na sufuria, atafute maji, awashe moto kwa vijiti, alale juu ya mti, mpaka atoke mwenyewe. Jina la kipindi lilikuwa la kigeni na hakuna aliyelishika, sisi tulimwita Bwana Kisu, basi. Walikuwa wanabishana naye kana kwamba yumo sebuleni, "Usinywe hayo, chemsha kwanza!" nami nashona huku nacheka.

Sasa kipindi cha mwisho kilirushwa mume wangu akiwa safarini, alikuwa amepata kazi ya miezi mitatu ya kufunga vyumba vya baridi kwenye kiwanda cha maziwa, kwa hiyo shemeji akamrekodia, akaandika ubavuni mwa kanda "Bwana Kisu, mwisho", akaniletea mlangoni, akanikabidhi mkononi, akasema hata yeye hajaangalia, anamsubiri kaka yake. Wiki hiyo hiyo binti yetu alikuwa na mahafali ya chekechea, na jirani mwenye kamera akaniambia niletee kanda nikunakilie, baba yake akirudi naye aone, nami nikazunguka maduka matatu sikupata kanda tupu, nikarudi nikaichukua ile, nikijiambia kipindi kitarudiwa tu, mbona huwa vinarudiwa, nikampa. Nilipoiweka kuangalia, watoto wakaimba, wakapewa vyeti, mara picha ikachezacheza akatokea Bwana Kisu amesimama mtoni maji yamemfika kiunoni, zikabaki kama dakika kumi za kipindi, kisha maandishi yakaanza kupanda na muziki, nikazima.

Mume wangu alirudi, hata viatu hajavua, anauliza kanda iko wapi. Mshauri, sijui nilishikwa na nini, nikaruka kimanga, nikasema sijaiona, muulize mdogo wako. Shemeji akaitwa, akaniangalia, akaangalia sakafu, akasema, "Basi kaka, labda nimeipoteza." Mume wangu akaona anafichwa, akasema umewaazima rafiki zako, ndiyo kawaida yako, ya kanda yakaleta ya baiskeli ya utotoni, na ya baiskeli yakaleta mengine ambayo mtu akishayatamka hayarudi kooni. Tangu siku hiyo wanasalimiana misibani tu. Kanda nikaificha chini ya marobota ya vitambaa, na kuhusu mahafali nikasema kamera ya jirani iliharibika, kwa hiyo uongo ukawa wa pili.

Kinachonibana sasa ni hiki. Binti amemnunulia baba yake simu kubwa, na yeye kutwa anamtafuta Bwana Kisu. Anaandika "mtu wa kisu porini", anapata wachinja mbuzi. Na shemeji mwisho wa mwezi ujao anahamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili kwa basi, na kwa umri wao sidhani kama watatembeleana. Juzi mume wangu alikaa na simu mkononi, akasema, "Ningekipata hiki kipindi, ningemwita yule bwana tukaangalia kabla hajaondoka." Yule bwana! Ndugu yake huyo.

Mwenye duka la kunakili filamu hapa mtaani nimemweleza, anasema anakijua, ila jina hanitajii mpaka nilipe, ataniwekea vipindi vyote kwenye flashi, ukimuuliza amevitoa wapi anatabasamu. Tatizo ni kwamba mume wangu maisha yake yote hajafunga kipuri cha wizi kwenye friji ya mtu, anasema hawezi kuanza kuiba uzeeni, hata kwa macho. Nilijaribu na mtandao mmoja unaosema "bure", ukaniomba namba za kadi ya benki, na tangu hapo simu yangu inacheza muziki yenyewe. Je, nichukue hiyo flashi, niseme ni ya halali, wapatane, yaishe?

Ni mimi, Mshona Mapazia.

JIBU

Mwenzangu, sijacheka. Nimecheka kidogo kwenye wachinja mbuzi, hapo unisamehe.

Sasa kaa chini nikuambie. Unataka kuufunika uongo wa kwanza na wa pili kwa uongo wa tatu, tena wa tatu uwe na mali ya wizi ndani yake, halafu umkabidhi mtu pekee mtaani kwenu ambaye angekataa kuipokea. Hapana. Hiyo flashi usiiguse. Waliotengeneza kipindi wana haki ya jasho lao kama wewe ulivyo na haki ya mapazia yako, na mume wako analijua hilo kuliko mimi na wewe. Akigundua, na atagundua, atakuwa na sababu ya kumkasirikia mtu mwingine tena, na safari hii ni wewe.

Lakini pumua, mama, maana barua yako ina habari njema ambayo umeiandika mwenyewe ukaipita. Umesema baada ya mahafali zilibaki dakika kumi za kipindi, kisha "maandishi yakaanza kupanda". Maandishi hayo unafikiri ni nini? Ndimo limo jina la kipindi, jina la kampuni iliyokitengeneza, na mwaka wake. Mume wako anahangaika na simu kwa sababu hana jina, na jina limelala kwako chini ya vitambaa miaka kumi na saba. Hakuna njia ya halali ya kumfikia Bwana Kisu isiyopitia kwenye kanda uliyoificha. Mambo yamejipanga yenyewe, nikisema ni mimi niliyeyapanga hivyo nitakuwa naongopa na mimi.

Nimemuuliza mtunza maktaba wa gazeti letu, mtu anayependa maswali ya namna hii kuliko chai. Anasema mkishapata jina, itafuteni kampuni yenyewe, si kila anayelitaja jina lake. Makampuni mengine huviweka vipindi vyao vya zamani kwenye ukurasa wao rasmi, unaangalia bure ukivumilia matangazo, na mengine hukodisha au huuza kipindi kimoja kimoja. Msipoona kitu huko, ulizeni maktaba ya umma kama wana sidii ya kuazima, au iandikieni stesheni iliyokirusha muulize kama bado wanacho. Barua fupi tu, yenye jina na mwaka. Anayekwambia "bure" huku anataka namba za kadi, mkimbie, na hiyo simu yako mpe binti aisafishe leo hii, na benki uwapigie.

Utaniuliza deki ya kuchezea kanda utaitoa wapi. Wewe si umeniambia una shemeji asiyetupa hata msumari uliopinda? Nenda kwake. Nenda kwa sababu ya deki, na nenda kwa sababu unamdai msamaha. Alikukabidhi kanda mkononi, mwenzangu. Unafikiri alisahau? Yule alikuangalia, akaona umeogopa, akajitwika. Usimwache apande basi na mzigo wako.

Kisha mwambie mume wako yote mawili, kanda na mahafali, wewe mwenyewe, ukiwa umekaa, bila kuanza na "usikasirike". Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Hasira ya fundi aliyeambiwa ukweli ina mwisho.

Jibu hili nakutumia kwa posta kabla sijalichapa, kwa kuwa gazeti lina foleni yake na shemeji yako ana tiketi. Niandikie. Na kanda iweke mbali na pasi yako ya moto.

BARUA YA PILI

Mshauri wangu, nimefanya, na nimelala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau, sasa nakuandikia huku mikono ingali myepesi.

Nilikwenda kwa shemeji nikamkuta katikati ya makatoni, nikasema yote nimesimama mlangoni, maana kukaa nilishindwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Shemeji, mimi nilidhani utamwambia mwenyewe wiki ile ile. Halafu wiki zikawa nyingi." Akafungua katoni lililoandikwa "deki", likiwa na deki kweli, akaikumbatia tukaondoka.

Mume wangu nilimwambia kama ulivyosema, na alikasirika kama ulivyosema. Alitoka akakaa uani kwenye ndoo kwa muda mrefu, nasi tumebaki sebuleni kama wanafunzi waliochelewa. Aliporudi alitupita wote wawili akaenda moja kwa moja kwenye deki, akaingiza kanda, ikagoma kuimeza. Akaenda kuleta bisibisi. Akafungua mfuniko, akapuliza vumbi, akahangaika, mkono mmoja hautoshi, ndipo akasema bila kuinua kichwa, "Shika hapa." Shemeji akashika. Mshauri, niliondoka nikaenda jikoni kulia kwa nafasi.

Siku tatu mume wangu alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu, ya nne akaniuliza chumvi iko wapi, na mimi nikajua tumevuka. Siku hiyo deki ikakubali. Binti alikuja na kalamu, tukapeleka kanda mbele mpaka maandishi, akaandika jina la kipindi na la kampuni, na kabla chai haijapoa akawa amekipata kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, vipindi vyote, cha mwisho kipo, kizima, bure, na matangazo ya sabuni kila baada ya dakika saba. Ndugu wawili kwenye kochi lile lile, vichwa vyeupe. Shemeji akasema, "Haya kaka, tuone alitokaje."

Macho ya mume wangu yalikuwa kwenye televisheni, maana wakati sisi tumeinamia simu, yeye alikuwa ameirudisha kanda mwanzo, na pale palikuwa na mtoto wa miaka sita amevaa kofia ya karatasi inayomwangukia machoni, anaimba wimbo wa herufi, anaruka herufi mbili, anaitafuta kamera, anapunga mkono, anasema kwa sauti kuu, "Baba, mimi huyu!"

"Bwana Kisu amengoja miaka yote hiyo," mume wangu akasema, "atangoja kidogo. Nirudishieni mtoto."